Piga Hodi Kabla ya Kuficha: Kusaka Makasha Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro hakuna kichaka kisicho na mwenyewe. Mgomba una mwenyewe, mkahawa ulio kivulini mwake una mwenyewe, mfongo unaopitisha maji katikati una zamu zake na wazee wanaousimamia. Hata ule mstari wa masale unaofanana na maua ya kupambia ua ni mpaka wa kihamba na kihamba, yaani shamba la ukoo na shamba la ukoo, na kuung'oa au kuusogeza ni ugomvi wa kuitishia kikao. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaotaka kuingia kwenye mchezo wa kusaka makasha kwa GPS huuliza kwanza simu ipi inafaa. Karibu simu yoyote ya kisasa inafaa. Kinachowashinda watu huku kwetu ni ardhi na watu walio juu ya ardhi hiyo, na ushauri wangu mwingi leo utakuwa kuhusu hao.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu anaficha kasha dogo lenye daftari ndani, anapima namba za mahali hapo kwa GPS, kisha anazitangaza kwenye intaneti pamoja na maelezo na dokezo. Mwingine anazifuata, anatafuta, akilipata anaandika jina na tarehe kwenye daftari, analirudisha palepale lilipokuwa, halafu anaeleza mtandaoni jinsi alivyolipata. Hakuna fedha wala zawadi. Wengine huweka ndani vidude vidogo vya kubadilishana, na sheria yake ni ya kiungwana: ukichukua, weka chenye thamani ileile au zaidi. Wenyewe wanauita jiokashingi. Ulizaliwa Marekani mwanzoni mwa Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Rais Clinton kuondoa hitilafu iliyokuwa ikiwekwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya kiraia. Hitilafu hiyo ilikuwa ikipotosha vipimo kwa makumi ya mita. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer aliacha ndoo ya plastiki msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake, na siku chache baadaye Mike Teague akaipata. Ndani ya ndoo mlikuwa na kopo la maharage, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa, maana chakula ni marufuku kwenye kasha. Anayewajua kima wa Marangu hahitaji kuelezwa sababu. Sasa makasha yamepita milioni 3 duniani kote. Ramani ya miji ya Ulaya imejaa alama hadi hazisomeki. Ya kwetu bado ina nafasi tele.

Tumalize mambo ya simu haraka. GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, na ikizinasa nne inajua ilipo, hata kama huna vocha. Kinachokula bando ni ramani na kurasa za makasha, kwa hiyo pakua vyote ukiwa nyumbani au kwenye wi-fi. Programu rasmi ina toleo la bure linaloonyesha baadhi tu ya makasha. Wenye Android wana pia c:geo, ambayo ni ya bure na imetengenezwa na watu wa kujitolea. Beba betri ya akiba.

Kosa linalowapoteza wageni wengi ni la kusoma namba. Makasha huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, kwa mfano S 03° 21.000 E 037° 20.000, ambayo ni Moshi mjini. Ramani nyingine za simu hutumia nyuzi zenye desimali tupu, na Moshi hiyohiyo inakuwa -3.35, 37.333. Ukichanganya mitindo hiyo miwili utajikuta kilomita nyingi mbali na shabaha. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,850, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta inasimama kwa takribani mita mbili. Na usisahau ile S. Ukiandika N kwa namba hizohizo za Moshi, simu itakuelekeza kaskazini mwa Kenya, Kaunti ya Marsabit, pande za North Horr kwenye jangwa la Chalbi. Bodaboda wa Pasua hakufikishi huko.

Ukikaribia, weka simu mfukoni. Kwenye uwanja wa wazi simu hukosea kwa mita tano hivi. Chini ya miti mikubwa, au ndani ya makorongo kama yale ya Uru na Kibosho yaliyochimbwa na mito inayoshuka mlimani, kosa linaweza kufika mita 15 au zaidi, na mshale unazunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Simama, acha mshale utulie, kisha anza kufikiri kama aliyeficha: angeweka wapi ili mvua isilifikie na mpita njia asilikanyage? Soma dokezo. Tazama alama mbili zilizo kwenye kila kasha, ya ugumu wa kulipata na ya ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Anayeanza asijaribu lolote lililopita 2. Na tafuta mengi kwanza kabla hujaficha la kwako, maana aliyeona makasha ya watu ndiye anayejua lipi lilifichwa kwa akili na lipi lilitupwa tu kichakani.

Sasa nije kwenye jambo ninalotofautiana na wenzetu wa ng'ambo. Kwao, adabu ya mchezo ni kutafuta kwa siri. Asiyeujua asikuone ukilitoa kasha, asije akaliharibu. Kuna watu huvaa vizibao vya mafundi ili waonekane wako kazini. Huko inaeleweka, maana mtu anaweza kuinama chini ya benchi la bustani na hakuna atakayemjali. Jaribu hivyo kijijini Materuni. Kabla hujainama mara ya pili watoto wameshafika, nyuma yao mama mwenye kapu, na nyuma ya mama kuna kijana anayetaka kujua umetumwa na nani. Mtu mzima anayepekua mizizi ya mti wa jirani, akitazama simu na kutazama nyuma, huku kwetu anaweza kuwa mwizi wa ndizi, mpimaji wa ardhi aliyetumwa kimyakimya, au mtu mwenye nia ya kufukia kitu. Katika hao watatu hakuna anayekaribishwa chai.

Kwa hiyo acha siri. Salimia kwanza, tena kwa ukamilifu wake: "Shikamoo mama. Habari za hapa? Poleni na kazi." Ukiwa unajua kusema "Shimbonyi" ukiwa Marangu, sema, watacheka na kukufungulia. Kisha jieleze kabla hujaulizwa: "Tuna mchezo wa kutafuta kikopo kilichofichwa kwa kutumia simu. Kipo hapa karibu na njia, ndani yake kuna daftari tu la kuandika jina. Naomba ruhusa nikitafute." Mwonyeshe simu. Mara nyingi utapata msaidizi, na mara nyingine utaambiwa kwamba kopo lako liliondolewa mwezi uliopita na mtoto wa fulani, na lipo kwake linatumika kuhifadhi vifungo. Hiyo nayo ni taarifa; ipeleke kwa mwenye kasha.

Watoto wakikufuata, wafundishe. Mtoto aliyeonyeshwa daftari na kuruhusiwa kuandika jina lake huwa mlinzi wa kasha hilo, na yule aliyefukuzwa atarudi jioni kulichukua. Tena usijifiche na watoto wa watu vichakani kwa kisingizio cha mchezo: mtu mzima mmoja awepo wa kwao, na usitafute wala kuficha karibu na shule.

Kuficha ndiko kunakohitaji subira. Kanuni za dunia nzima zinadai ruhusa ya mwenye ardhi, zinakataza kufukia kasha, na zinataka liwe mita 161 au zaidi kutoka lingine. Kabla halijatangazwa, mkaguzi wa kujitolea hulipitia, na mara nyingi ni mtu aliye mbali ambaye hajui tofauti ya kihamba na shamba la kijiji. Atakuuliza kama una ruhusa. Ukimjibu ndiyo, atakuamini. Uaminifu huo ni wako, usiuchezee. Huku mlimani ruhusa ina ngazi. Mwenye kihamba ndiye wa kwanza. Kama ni kando ya njia ya umma, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye atakuambia kama jambo linahitaji kufika ofisi ya kijiji. Ni vizuri upate kikaratasi kilichoandikwa, chenye jina, tarehe na sahihi, hasa kwa kuwa mwenyekiti hubadilika uchaguzi ukija.

Kuna sehemu zenye mwenyeji mmoja anayejulikana, na hizo ndizo ninazozipendelea. Uwanja wa chama cha msingi cha kahawa ni mzuri: una mlinzi, una ukuta, watu huingia na kutoka bila kushangaliwa, na kuna historia ya kueleza kwenye ukurasa wa kasha, tangu chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilipoanzishwa mwaka 1925 hadi chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipozaliwa mwaka 1933. Mgahawa wa kijijini unafaa. Uwanja wa kanisa unafaa kama paroko au mchungaji ameridhia na wazee wa kanisa wamesikia. Nyumba za wageni zinafaa kupita zote, kwa kuwa mwenye nyumba ana faida ya kulitunza. Msitu wa Rau, ule wenye mivule mikubwa na maji ya chemchemi dakika chache tu kutoka mjini, unavutia sana, lakini ni msitu wa hifadhi. Usiweke kitu bila kuongea na watu wa misitu.

Na usiweke kitu kwenye mfongo. Mchanga wa miteremkoni unashuka na kila mvua, kikopo kimoja kinatosha kushika majani, majani yakashika tope, na aliye chini akakosa maji siku ya zamu yake. Usiweke kwenye masale pia. Sale kwa Mchagga ni mpaka, na ndilo linalobebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha au kusuluhisha ugomvi. Kikopo kilichofungwa kamba na kuchomekwa humo hakitaonekana kama mchezo. Kitaonekana kama kazi ya mganga, na ukibishana utakuwa umechelewa.

Hofu hiyo ichukuliwe kwa uzito. Mwenye kasha mwenye akili hujiuliza: mtu asiyejua lolote akilikuta hili, atafikiri nini? Kwa hiyo hakuna kitambaa chekundu wala cheusi, hakuna uzi wa kufungia, hakuna kibuyu hata kama kinapendeza, hakuna chupa ndogo ya dawa iliyojaa karatasi zilizokunjwa. Hakuna sanduku la chuma la risasi, ambalo Marekani wanalipenda sana kwa uimara wake. Tanzania haijasahau tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi ulipolipuliwa Dar es Salaam, na polisi hawatakuja kulifungua kwa mikono mitupu. Tumia kopo la plastiki linaloonyesha kilicho ndani, lenye kifuniko cha kubana pande nne na mpira wa kuzuia maji, aina ile ya kuwekea chakula. Juu yake bandika karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi kubwa: HILI NI KASHA LA MCHEZO. NDANI KUNA DAFTARI TU. LIMEWEKWA KWA RUHUSA YA MWENYE ENEO. TAFADHALI LIRUDISHE LILIPOKUWA. Ongeza namba ya simu. Nimeona makasha mazuri yenye maelezo ya Kiingereza na Kijerumani, na hakuna hata neno moja kwa ajili ya mama anayepita hapo kila asubuhi.

Kuhusu unyevu: masika ya Machi hadi Mei hayana huruma kwa daftari. Wazungu hufunga daftari ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu; sisi mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na sitaki mchezo wetu uwe kisingizio cha kuirudisha. Kopo zuri linatosha, na ndani yake unaweza kutia kikopo kingine kidogo chenye daftari. Weka penseli, kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu na ikivuja inaharibu yote. Usiweke pipi, sabuni yenye harufu wala mshumaa. Siafu wakihamia usiwapige vita, lihamishe kasha hatua chache na urekebishe namba zake.

Makaburi yanahitaji aya yake. Wachagga wengi huzika nyumbani, kihambani. Kaburi si lazima liwe na msalaba wala saruji. La zamani linaweza kuwa jiwe tu chini ya mgomba na sale. Ukifuata mshale ukakatiza migombani unaweza ukawa unapita juu ya babu wa mtu. Fuata njia, hata kama mshale unasema kata kona. Na kuna mahali ambapo historia ni nzito kuliko kikopo. Old Moshi, mahali Wajerumani walipomnyonga chifu wa huko, Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, bado pana majonzi; kichwa chake kilichukuliwa, na wajukuu wamekuwa wakikitafuta kwenye makumbusho ya Ujerumani kwa miaka mingi. Sioni sababu ya mtu kupapasa mizizi ya mti hapo akitafuta daftari. Kuna aina ya kasha yenye vituo kadhaa, ambapo kituo cha kwanza kinakupa swali na jibu lake ndilo linalofungua namba za kituo kinachofuata. Mgeni asimame Old Moshi, amsikilize mwenyeji, alipie kinachostahili kulipiwa, apate jibu kutoka kwa simulizi hilo, na kopo lenyewe likae mbali, kwenye duka lililo barabarani.

Njia hiyo ya vituo inafaa pia mjini, ambako kuficha ni kugumu kwa sababu ya macho mengi. Mnara wa Saa haufai kuwa na kopo. Unafaa kuwa na swali. Kutoka hapo mtu anaweza kwenda jengo la KNCU, kisha kituo cha reli, ambako njia kutoka Tanga ilifika mwaka 1911 na ambako treni ya abiria kutoka Dar ilirejea Desemba 2019 baada ya kimya kirefu. Hayo yote ni ya kutembea kwa miguu asubuhi moja, wakati mlima bado uko wazi kabla mawingu hayajaufunika. Kaa mbali na Shule ya Polisi, kambi yoyote, madaraja ya reli na uwanja wa ndege. Kupima namba na kupiga picha maeneo hayo ni kujitafutia maelezo marefu.

Mlimani kwenyewe mambo yanabadilika kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa kuuchukua msitu. Ndani ya hifadhi usiache kitu. Wala usiingie kwa njia ya panya kutoka kwenye vihamba vya juu. Ule ukanda wa Nusu Maili uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani una mvutano wake wa siku nyingi kati ya wananchi na wahifadhi, na mgeni mwenye simu mkononi atauongezea tu. Ingia kwa lango, lipa, fuata njia, sikiliza mwongozaji.

Je, mpanda mlima akose mchezo? Hapana. Tangu mwaka 2004 kuna kasha la ardhi, lililoanzishwa kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Halina kopo wala daftari. Unafika mahali, unatazama mwamba, udongo au maji, unajibu maswali na kumtumia mwenye kasha majibu. Hii ndiyo aina iliyoumbwa kwa ajili ya mlima wa volkano. Na kwa anayependa vipimo, kilele cha Uhuru chenyewe kina somo. Urefu wa mita 5,895 tunaoukariri tangu shule ya msingi ulitokana na upimaji wa Waingereza mwaka 1952. Mwaka 1999 wapimaji, wakiwemo wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam ambacho sasa ni Chuo Kikuu Ardhi, walipanda na vifaa vya GPS wakapata 5,892. Mwaka 2008 ikapatikana 5,891. Kibao cha kileleni hakijali. Mimi pia sijali sana, lakini ni swali zuri la kumpa mtu aliyekaa kambi ya Horombo akizoea hewa, ambako tangu Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilipofunga intaneti mita 3,720 juu ya bahari anaweza hata kutuma jibu. Usitafute chochote juu ya Kibo kwenye saa za usiku wa kwenda kileleni. Hewa nyepesi humfanya mtu asome namba vibaya na kubishana na mwongozaji, na mwongozaji ndiye aliye sahihi.

Nje ya hifadhi, Ziwa Chala lililoko Rombo linaomba kasha la ardhi kwa sauti. Ni shimo la volkano lililojaa maji, mpaka wa Tanzania na Kenya ukikatiza katikati, na mwaka 2016 wanasayansi walitoboa tope la chini kwa zaidi ya mita 200 kusoma hali ya hewa ya zama zilizopita. Swali liulizwe kutoka ukingoni juu. Usiulize jambo linalomfanya mtu ateremke majini. Mwaka 2002 mamba alimuua mgeni aliyekuwa akiogelea hapo. Chemka, kwenye maji maangavu upande wa Boma Ng'ombe, wageni ni wengi na swali la wapi maji yanatoka linajibika bila mtu kulowa.

Tatizo kubwa la makasha ya Kilimanjaro, ukiniuliza, si wizi wala mvua. Ni kwamba mengi huwekwa na watu wanaoondoka. Mgeni anakaa wiki mbili, anafurahi, anaficha kopo kama kumbukumbu, anapanda ndege pale KIA, na mwaka unaofuata kopo limekuwa taka yenye jina la mtu wa Munich. Kanuni zenyewe zinakataza kuficha mahali usipoweza kurudi, isipokuwa kuna mwenyeji aliyekubali kulitunza. Basi kuwa huyo mwenyeji. Waongozaji, wapishi wa safari, wagumu wanaobeba mizigo, wenye nyumba za wageni, walimu wa jiografia: ninyi mnapita njia hizo kila wiki. Mgeni akikuambia ana kopo anataka kuliweka, mwambie utalitunza kwa sharti kwamba mtaliweka pamoja, mahali unapopataka wewe, kwa ruhusa uliyoiomba wewe, na jina lako litakuwa kwenye ukurasa. Ukiwa mwenyeji wa kasha utakutana pia na vidude vyenye namba ya kufuatiliwa, ambavyo husafiri kutoka kasha hadi kasha na mwenyewe hutazama kwenye ramani vinakofika. Kidude kilichotoka Finland kikipita mikononi mwa mtu wa Kibosho, asiandike tu "nimekiona". Aeleze alikokipeleka na apige picha ya mahali hapo.

Hilo la kuandika lina uzito kuliko wanavyodhani wanaoanza. Watu wa mchezo huu wanajuana kwa maandishi yao, na ni watu wakarimu: muulize swali mwenye kasha aliye nchi ya mbali, utajibiwa, mara nyingi siku hiyohiyo. Kinachowaudhi ni mtu anayeandika neno moja. Andika mistari michache: njia ilikuwaje, nani alikusaidia, kopo liko hali gani. Usifichue lilipo. Kama umelikosa, sema umelikosa, maana watatu wakilikosa mfululizo mwenyewe atajua aende kulitazama. Na andika kwa Kiswahili. Mgeni akitaka kuelewa, mashine za kutafsiri zipo.

Mkutano wa wachezaji nao una utaratibu: unatangazwa wiki mbili kabla au zaidi, una mahali na saa, na unadumu angalau nusu saa. Jumamosi ya tatu ya Agosti ni siku ya mchezo huu duniani, na kwa Moshi ni kipindi kizuri, kikavu na cha baridi kidogo. Mwishoni mwa Februari mji hujaa wageni wa Kilimanjaro Marathon, na huenda baadhi yao wanacheza. Kuna pia mikutano ya kuokota taka, ambayo kijiji chochote kitaielewa bila maelezo marefu na ambayo ni njia nzuri ya kujitambulisha kwa mwenyekiti kabla hujamwomba mahali pa kuficha.

Lakini kipindi ninachokiona bora kuliko vyote ni Krismasi. Barabara ya kutoka Dar imejaa, kila kihamba kina magari matatu, watu wazima wako kwenye ndafu na mbege na mikutano ya ukoo, na watoto waliozaliwa Mbezi au Nairobi wamekaa kwenye kochi la bibi na simu zao wakilalamika kwamba mtandao unakatika. Wape simu hizohizo kazi. Ficheni makopo ndani ya kihamba chenu wenyewe bila kuyatangaza popote: moja karibu na mkahawa wa kwanza alioupanda babu, lingine ndani kidogo ya mpaka wa mashariki, lingine karibu na zizi. Babu aandikiwe namba, yeye atoe madokezo kwa mdomo. Hapo hamhitaji ruhusa ya mtu yeyote isipokuwa babu, na watoto watajua mipaka ya ardhi yao kabla hawajaja kuigombania.

Kwa asiyetaka makopo kabisa, kuna wanaosaka makutano ya nyuzi kamili za ramani, mradi ulioanzishwa na Alex Jarrett mwaka 1996. Latitudo 3 kusini na longitudo 37 mashariki zinakutana magharibi mwa mlima, kwenye nyanda za kati ya Siha na Longido. Hakuna cha kupata pale ila picha za pande nne, na huko nako kuna wachungaji wa kusalimiwa kwanza.

Ukitaka kuanza, anza wiki hii kwa kutafuta: pakua ramani, chagua kasha jepesi lililo karibu, nenda asubuhi na mtu mwingine, andika ulichokiona. Kuficha ngoja hadi masika yapite, uone kwanza maji yanapita wapi na njia ipi inafungika, halafu ndipo uende kwa mwenye kihamba.